Fundi Umeme Anajibu: "Wanasema Kontroli Boksi ya Hilux Imekufa, Ninunue Nyingine?"

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi niko Igoma hapa Mwanza, nina Hilux D-4D ya 2007, injini 2KD, gia za mkono, nabebea dagaa na sangara kutoka Mwaloni pale Kirumba na mara nyingi navuka daraja la Busisi kupeleka Sengerema. Tangu mvua zianze gari inazima yenyewe barabarani, haikohoi wala haitetemeki, inazima tu kama mtu kageuza ufunguo. Ukiiacha ipumzike inawaka, siku nyingine stata inapiga mpaka betri inachoka na haiwaki. Fundi wa kwanza kabadilisha filta ya dizeli, hali ile ile. Wa pili kaangalia kasema kontroli boksi imekufa, anayo used ataniuzia laki nane, nikamwomba aipime kwanza akasema hakuna haja ameshajua. Gari ikilala mzigo wangu unaharibika. Ninunue? Na nikinunua, ufunguo wangu huu huu utakubali?

JIBU: Marahaba dada, pole sana, najua mzigo wa samaki hausubiri mtu. Lakini laki nane yako ibaki mfukoni kwanza, kwa sababu kwenye barua yako yote sijaona kitu hata kimoja kinachothibitisha boksi imekufa. Fundi anayekataa kupima halafu ana spea ya kuuza hapo hapo, huyo mshukuru vizuri na uondoke na gari yako.

Kontroli boksi, yaani kompyuta inayoendesha injini, za hizi Hilux ni ngumu sana. Toyota waliziweka ndani ya kabini, nyuma ya ile droo ya dashibodi upande wa abiria, mbali na joto la injini, na gari nyingi zinafika mwisho wa maisha yake na boksi ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Inayokufa mara nyingi ni njia ya kuifikia, yaani fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), ethi (njia ya negativu inayorudi betri kupitia bodi ya gari), waya uliokwaruzika, soketi iliyoingia maji. Boksi ikikosa moto au ikikosa ethi hata kwa sekunde moja injini inazima ghafla vile vile unavyoelezea wewe, na kwa mtu asiye na mita ya umeme mkononi inaonekana kabisa kama boksi imekufa.

Anza na kitu ambacho hakihitaji hata fundi. Ukiwasha swichi bila kupiga stata, ile taa ya injini ya rangi ya chungwa kwenye dashibodi inatakiwa iwake, injini ikishawaka ndo inazimika. Sasa subiri siku gari imegoma, washa swichi uiangalie hiyo taa. Kama imewaka kama kawaida, boksi iko macho na inaongea, tatizo litafute kwingine. Kama haijawaka kabisa, boksi imelala, na swali la kujiuliza ni nani hajaiamsha. Angalia pia mshale wa rpm wakati stata inapiga, unatakiwa unyanyuke kidogo. Kama umelala chini kabisa huku injini inazunguka, mshuku sensa ya kranki, ile inayosoma mzunguko wa injini, hii ikichoka inafanya mambo yale yale ya kwako, ikipata joto inakufa, ikipoa inafufuka, na kwenye mashine ya kupimia gari mara nyingi inaacha kodi (namba ya kosa) P0335. Sensa hiyo bei yake huwezi kuilinganisha na boksi.

Na mashine ichomekwe kweli, sio kwa maneno. Soketi yake ya pini 16 iko chini ya dashibodi upande wa dereva. Umwambie fundi akuoneshe kodi zilizotoka, uziandike au upige picha kwa simu KABLA hajazifuta. P0606 ndo inayosema ubongo wa boksi wenyewe una kasoro. P0200 kwenye hizi D-4D inakupeleka kwenye injekta, zile zinazonyunyizia dizeli kwenye silinda, na EDU, nitaieleza hapo chini. Mashine ikikataa kabisa kuongea na boksi, hapo bado haujathibitisha kifo, maana boksi isiyo na moto nayo haiongei.

Baada ya hapo mita. Betri iliyolala vizuri inasoma kama volti 12.6, stata ikipiga isishuke chini ya 9.6 hivi, ikishuka zaidi hata boksi mpya itazimika katikati. Fyuzi zilizoandikwa ECD na EFI zitolewe zikaguliwe miguu pia, sio kuangalia kale kawaya ka katikati tu, mguu wenye kutu ya kijani unapitisha moto leo kesho hausemi kitu. Rilei nayo, badilishana na nyingine ya namba ile ile kwenye boksi ya fyuzi uone, haigharimu kitu.

Halafu ethi, na hapa nataka ukae na fundi mpaka amalize kwa sababu ndo panaporukwa. Waya mweusi wa mita uweke kwenye kichwa cha betri upande wa negativu, mwekundu uweke kwenye pini ya ethi ya boksi, mtu mwingine apige stata. Mita isome karibu na sifuri, 0.1 au 0.2 sio mbaya. Ikiruka kwenye 0.5 au volti nzima, ethi yako ni mbovu, na boksi inayokaa kwenye ethi mbovu inasoma sensa zote vibaya. Wewe unabeba samaki, dada. Yale maji ya barafu yanayotiririka kutoka nyuma yanaingia kwenye kila bolti, na kwenye pikapu za samaki nimeshaona bolti ya ethi ambayo kwa juu inang'aa, ukiifungua chini yake kuna unga wa kijani na mweupe umejaa, unasugua kwa msasa unafika kwenye chuma safi unarudisha unapaka grisi, gari inawaka. Fungua zote: ya betri kwenda bodi, ya injini kwenda chesisi, na zile ndogo zilizofungwa kwenye injini yenyewe. Bila kusahau panya, gari inayonuka dagaa ikilala uani panya lazima wapande, na waya ndo wanaotafuna, kwahiyo fungu la waya lote lifuatwe kwa mkono na tochi, hasa pale linapopita ukutani kati ya injini na kabini.

Kuna kipimo kimoja mafundi wengi hawakifanyi na kimeokoa boksi nyingi sana. Sensa nyingi za hiyo gari, ya pedali ya mafuta, ya presha ya reli (bomba la dizeli linalolisha injekta) na nyinginezo, zinalishwa na boksi yenyewe moto wa volti 5. Sensa moja ikipiga shoti, au waya wake mmoja tu ukigusa bodi, zile volti 5 zinashuka kwa wote, injini inazima na mashine inaweza kutema kodi chungu nzima ambazo hazina uhusiano. Fundi akiona kodi nyingi hivyo anasema boksi imechanganyikiwa. Kumbe hapana. Chomoa soketi ya sensa moja, washa swichi, pima kwenye soketi kama volti 5 ipo. Kama haipo, acha mita hapo hapo uanze kuchomoa sensa nyingine moja baada ya nyingine huku mtu anaangalia mita, ile ambayo ukiichomoa volti 5 inarudi ndo mwizi wako. Ukichomoa zote bado sifuri, na waya umekaguliwa ni mzima, na moto na ethi vinafika kwenye boksi vizuri, SASA ndo unaweza kusema boksi ina shida, na mimi nitakubaliana na fundi wako.

EDU nayo isichanganywe na kontroli boksi. Hilux nyingi za D-4D za miaka hiyo zina boksi ya pili ndani ya boneti, ya alumini yenye mapezi kama ya kupozea, kazi yake ni kupandisha volti za kufungulia injekta. Hii inakufa, na kwa sababu iko kwenye boneti inapata maji na joto vyote. Namba yake ya Toyota inaanza na 89871 wakati kontroli boksi inaanza na 89661. Mtu anaweza kukuuzia 89661 wakati ugonjwa uko kwenye 89871, na hii ya pili haihusiani na ufunguo, unachomoa unachomeka. Tahadhari moja tu, injini ikiwa inaunguruma usishike soketi za injekta wala za EDU, pale kuna umeme mkali kuliko wa betri na unampiga mtu.

Tuseme umepima yote na boksi kweli imekufa. Fundi afungue, na aichungulie ndani mbele yako, mara nyingi kifo kinaonekana kwa macho: alama ya kuungua, njia ya shaba iliyonyanyuka, kutu ya kijani kwenye pini. Kisha soma stika yake. Itaandikwa 89661-0K halafu tarakimu zingine, 0K ndo familia ya Hilux hizi. Mpaka tarakimu ya mwisho iwe ile ile, au iwe namba ambayo duka la Toyota limethibitisha kwa chesisi namba yako kwamba ndo mbadala wake. Ya gia otomatiki kwenye gari ya mkono, ya injini 1KD kwenye 2KD, ya soko la nchi nyingine, soketi zinaingia vizuri tu lakini gari haitakaa sawa, na hapo ndo watu wanaanza kuzunguka na gari gereji kwa gereji kutoka Nyakato mpaka Buhongwa.

Kuhusu ufunguo, swali zuri sana na nakusifu kwa kuliuliza kabla ya kulipa. Zipo Hilux zenye imobilaiza, yaani kinga ya wizi inayotambua ufunguo, na zipo zisizo nayo. Kama kwenye dashibodi kuna kataa kekundu kanapepesa ukitoa ufunguo na ufunguo wako una chipu ndani, unayo, na boksi ya gari nyingine haitakubali ufunguo wako moja kwa moja, stata itapiga lakini haitawaka au itawaka izime hapo hapo. Njia ni tatu. Ununue boksi pamoja na kiboksi cha imobilaiza na ufunguo wa gari ile ile iliyotolewa. Au fundi wa vifaa vya elektroniki ahamishe ile kumbukumbu ndogo kutoka boksi yako ya zamani kwenda ya mtumba, kazi ya nusu siku kwa anayeijua, na kwa asiyeijua unaharibikiwa na boksi zote mbili. Au boksi na imobilaiza vitambulishwe upya kwa mashine, kwenye modeli zinazokubali. Kwahiyo ile boksi ya zamani hata kama imekufa usimwachie fundi, kumbukumbu iliyomo ndani bado ina thamani kwako.

Halafu injekta. Kama kwenye kichwa cha kila injekta kuna maandishi ya herufi na namba yaliyochapwa, hizo ni kodi za usahihi wa injekta hiyo na boksi inatakiwa iandikiwe, silinda kwa silinda. Zisipoandikwa gari itawaka lakini inaweza kutetemeka na kutoa moshi, na wewe utadhani umeuziwa boksi mbovu.

Siku ya kufunga, negativu ya betri itolewe kabla hata droo haijafunguliwa na waisubiri gari dakika chache, soketi zisivutwe kwa waya, na pini zikaguliwe kama kuna iliyoingia ndani. Used ukinunua andikishana na muuzaji kwamba isipokubali ndani ya siku kadhaa anarudisha hela, namba ya boksi iandikwe kwenye risiti. Akikataa kuandika, tafuta mwingine.

Na boksi haifi bure. Pima alteneta, ile inayochaji betri, injini ikiwa inaunguruma, isome kwenye 13.8 mpaka 14.5, ikipita 15 inachoma kila kitu na boksi mpya itakufa kama ya kwanza. Muulize dereva wako kwa upole kama aliwahi kubustiwa na Fuso au Scania, lori zile zina volti 24 na ukiunganisha betri zake zote mbili kwenye Hilux ya volti 12 unaua boksi kwa sekunde. Muulize pia kama bodi ya nyuma ilichomelewa hivi karibuni bila kutoa betri. Hilo la kuchomelea nalisisitiza sana kwa sababu pikapu zetu huku kanda ya ziwa kila siku zinaongezewa vyuma, na mchomeleaji anashika ethi yake popote tu.

Dada, kwa maelezo yako, gari inazima ghafla bila kukohoa, imeanza na mvua, inarudi yenyewe, mimi naanza na ethi na rilei, kisha sensa ya kranki. Boksi naiweka mwisho kabisa. Niandikie ulichokuta.

SWALI: Habari za kazi kijana. Niko Nansio, Ukerewe, nina Hilux ya zamani injini 3L. Asubuhi haiwaki mpaka isukumwe au stata ipigwe sana, ikiwaka inatoa moshi mweupe halafu inakaa sawa mpaka jioni. Kijana mmoja hapa kaniambia control box imeungua niagize Mwanza. Niagize?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Usiagize, hiyo gari haina boksi ya injini ya kuungua. 3L ni ile dizeli ya 2.8 yenye pampu ya kimekanika, mafuta yanasukumwa na gia na springi, hamna kompyuta inayoamua. Umeme injini inaohitaji ili iendelee kuwaka ni waya mmoja tu, unaokwenda kwenye soleno ya pampu inayofungua mafuta, ukiwasha swichi utaisikia inagonga "tak". Kwa kuwa gari ikishawaka inakaa siku nzima, soleno yako ni nzima.

Moshi mweupe asubuhi na kuwaka kwa shida ni hita plagi, zile zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha. Ziko nne. Zinaunganishwa na bati moja juu, litoe, pima kila plagi na mita kati ya kichwa chake na injini, nzima inasoma karibu na sifuri, hata omu moja haifiki au inaizidi kidogo, iliyokufa haisomi kabisa. Nikikisia tu naona mbili au tatu zimeshaondoka. Kama zote ni nzima, pima kama moto unafika kwenye bati wakati swichi imewashwa na injini ni ya baridi. Usipofika ndo uende kwenye rilei ya hita na kile kitaima chake kidogo, labda hicho ndo kijana alikuwa anakiita control box, na hata hicho rilei yake inapatikana kirahisi bila kuvuka ziwa na hela nyingi. Hita zikiwa nzima na moto unafika lakini hali ni ile ile, basi ni kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) imechoka au pampu inaingiza hewa usiku, angalia kama mipira ya dizeli ina nyufa.

SWALI: Mambo fundi, niko Musoma. Hilux yangu maji yalijaa miguuni kwa abiria, control box nikaitoa imelowa, nimeianika juani siku nzima. Niirudishe nijaribu?

JIBU: Poa kaka, ila usiirudishe bado, na hongera kwa kuitoa mapema. Jua linakausha maji lakini uchafu uliokuja na maji unabaki kwenye bodi ya ndani, na ukiupa umeme ndo unapoanza kula njia za shaba. Fungua kasha, sugua taratibu kwa mswaki laini na spiriti safi ile ya asilimia kubwa, sio petroli na wala sio thina, hasa kwenye miguu ya pini za soketi. Iache ikauke kabisa ndani ya nyumba. Ukiona kijani kimeshaingia chini ya vifaa vidogo mpelekee fundi wa elektroniki mwenye hadubini, asisugue kwa kisu. Soketi za upande wa waya nazo zisafishwe hivyo hivyo, watu wanasafisha boksi wanasahau soketi.

Lakini maji yalitoka wapi? Mara nyingi ni bomba la kutolea maji ya AC limeziba, maji yanarudi ndani upande huo huo wa abiria ambapo boksi inakaa, au raba ya kioo cha mbele imeachia. Kabla ya kurudisha boksi mwagia kioo maji kwa mpira huku mtu amelala ndani na tochi akiangalia juu nyuma ya droo, kisha pima AC kwa nusu saa uone kama maji yanadondoka chini ya gari. Yasipodondoka, zibua lile bomba kwanza.